Mlango wa Ishirini na Mbili

Umeniuliza, Mundhir: nianzie wapi?
Kama vile kuna pahala pameandikwa "anzia hapa".
Mimi nilianzia stoo, Mabela,
baina ya gunia la mchele na debe la samli,
kwa laptopu ya Ruwi, mkono wa pili,
isiyo na herufi Q.

Digrii ya mambo haya sikuwa nayo.
Nilikuwa napokea simu kliniki ya meno,
nasema karibu kwa Kiarabu, pole kwa Kiswahili,
na mdomo ukishapigwa ganzi
lugha zote huwa moja.

Asubuhi moja ya Juni majalada yakafungwa.
Kila picha ya jino, kila deni, kila miadi,
na kwenye skrini mstari mmoja: lipeni.
Daktari akanitazama mimi, kama ufunguo ninao.
Akaja kijana wa Kibalushi, kofia mfukoni,
hakusema neno. Akachomoa waya ukutani.
Waya mmoja tu, katika kumi na sita.
Ndipo akaomba chai.
Nami nikataka kujua alijuaje ni upi.

Nikanunua ruta mbili mbovu,
nikajijengea nyumba ya uongo, nikaivunja,
nikaifunga, nikaivunja tena.
Bibi akasimama na tasbihi yake:
"Unamwibia nani usiku huu?"
"Najiibia mwenyewe, bibi."
"Na umepata nini?"
Nilikuwa nimepata mlango wa ishirini na mbili,
uko wazi, hauna bawabu,
na aliyeuacha hivyo ni mimi.
Kuna wanaoiita bandari milango hii.
Nilipomwambia bibi nafunga bandari
akauliza, "Ya Matrah au ya Salala?"

Joto lile! Mashine ilichemka kama sufuria la boko boko,
nikaihamishia chumbani kwake, chini ya kiyoyozi.
Julai nzima alilala na shali mbili,
hakulalamika, ila alfajiri moja alisema
kitoto chako kinakoroma.

Akiba ya miezi mitatu nikailipa mtihani,
nikaanguka kwa alama nane.
Nane, Mundhir.
Majina ya magonjwa niliyajua yote,
mgonjwa sikuwa nimemgusa vya kutosha.
Nikarudi stoo. Safari hii sikukariri;
kila jambo nililishika mpaka likanichoma.
Cheti kikaja kwa barua pepe, saa nne asubuhi,
huku bwana mmoja akinielezea gego lake.

Kwenye usaili, jengo la vioo kule Ghala,
Bi Ghaniya hakukifungua.
Alinisukumia kurasa tatu za nyayo:
nani kaingia, saa ngapi, katokea wapi.
"Soma," akasema, akaendelea kumenya chungwa.
Nikasoma kama ninayechambua mchele.
Ukurasa wa pili, saa tisa usiku na dakika kumi na mbili,
mhasibu kaingia. Mlango wa ishirini na mbili.
Ukurasa wa tatu, mhasibu huyo huyo yuko likizo, Kerala,
siku ya harusi ya dada yake.
"Huyu siye," nikasema.
"Kwa nini ukautazama mlango huo kwanza?"
"Niliwahi kuuacha wazi mwenyewe."
Akanikatia pande la chungwa.

Cheti kilinifikisha kwenye kile kiti, sikidharau.
Chungwa nililipata stoo.

Sasa nina zamu za usiku.
Kazi yenyewe, nyingi yake, ni kutazama kitu kisitokee,
macho yakiwasha, kahawa ikipoa.
Nikirudi bibi huniuliza, "Umekamata wangapi?"
"Hakuna."
"Alhamdulillahi," husema, halafu, chini chini,
"na mshahara wanakupa?"

Njoo Ijumaa baada ya sala.
Ruta zipo, moja inawaka, nyingine hupigwa kofi kwanza.
Herufi Q utazoea kuikosa.
Usilete daftari.
Bibi nimeshamwambia unakuja;
kaingia kabatini, anatafuta shali.