Meno Arobaini na Moja

Shemeji yangu wa zamani, Garrick, aliniuzia gari hili
akiapa kwamba linalia kidogo tu.
Kidogo!
Maili hamsini kwa saa, barabara ya Minot,
na nyuma ya kiti changu mtu anaanza kufiwa.

Mwaka sitini na tisa, silinda nane,
kijani iliyoungua juani.
Mbele ngumi, nyuma kilio.
Nilifungua difu jioni moja ya Oktoba,
mafuta yakachuruzika meusi, mazito,
yakimetameta kwa chenga za chuma.
Nikahesabu meno ya gia kubwa kwa kidole:
yalipaswa kuwa arobaini na moja,
mazima yalikuwa thelathini na nane.
Pinioni nayo, meno yake yote kumi na moja
yamelika upande mmoja.

Nilipiga simu Fargo. Nilipiga simu Bismarck.
Kijana mmoja akaniuliza, gari ni la mume wako?
Nikamjibu: mume alikwenda, kelele ndiyo iliyobaki.
Bwana mmoja wa Duluth alikuwa na gia mpya,
imechongwa ng'ambo, inang'aa ndani ya boksi.
Nikaifunga. Ikalia kwa sauti nyingine,
nyembamba zaidi.
Jino la pembe si dawa ya pengo.
Nikairudisha; akanikata dola arobaini za usumbufu wake.

Kisha baridi nzima, skrepa hadi skrepa,
theluji magotini,
napangusa barafu kwenye matumbo ya magari
nikitafuta herufi mbili
zilizogongwa kwenye bomba la ekseli, upande wa kulia.
Nilipata ya gari la familia.
Nilipata nyingine, nikafurahi saa nzima,
hadi nilipoichomoa ekseli: mwisho wake una meno ishirini na nane,
mimi nahitaji thelathini.
Nilipata panya na watoto wake sita
ndani ya difu kavu. Nikaurudisha mfuniko.

Aprili nilikwenda kwa Halvor Odegaard
kumchomelea geti la zizi.
Tela ya kubebea majani ilikuwa imeegeshwa kando,
na chini yake kitu kikaniita,
umbo tu: tumbo la mviringo, bolti kumi.
Mtaka cha mvunguni.
Nililala chali kwenye tope na samadi,
nikakwangua rangi nyekundu ya trekta,
halafu grisi,
halafu kutu,
halafu nyeusi ya kiwandani,
na hapo, chini ya ukucha wangu,
herufi zangu mbili.

"Baba aliing'oa kwenye gari lililopinduka," Halvor alisema,
"mwaka sabini na mbili. Dereva alitoka mzima,
akaenda kuwa mchungaji."
Zaidi ya miaka hamsini ikibeba majani kwa mwendo wa trekta,
lami imeisahau.
Niliuliza bei. Pesa hakutaka.
Alitaka tela yake isilale chini wakati wa mavuno.

Basi tukabadilishana:
yake ikaja chini ya gari langu,
yangu, na mapengo yake matatu,
ikaenda chini ya majani.
Nilimwonya, itakulilia hii.
Akagusa sikio la kushoto. "Hili lilikufa zamani na trekta.
La kulia namwekea mke wangu,
na hata yeye analalamika kwamba silitumii."

Nikaweka beringi mpya, sili mpya,
nikapima nafasi kati ya jino na jino
mara nne, mara tano, mkono ukitetemeka kwa kahawa.
Jana nikashika barabara ya Minot.
Hamsini. Sitini. Sabini.
Kimya.
Kimya kiasi kwamba nilisikia, kwa mara ya kwanza,
mlango wa abiria:
kuna nati ndani yake,
kila kona inabingirika,
tangu lini sijui.

Garrick hakuitaja.