Fomu ya Nolfa

Jumatatu, zahanati ya juu, Valparaiso.
Kalamu mkononi, nikamuuliza:
Unafanya mazoezi?
Nolfa akacheka kwa pua.
Nikaandika: Hakuna.

Alisahau vidonge vyake vya presha mezani.
Alhamisi nikampelekea.
Lifti ya mlimani ilikufa tangu Pasaka,
zimebaki ngazi, mia moja sitini na mbili.
Nilizihesabu hadi tisini,
kisha nikahesabu pumzi,
kisha nikaegemea ukuta uliochorwa nyangumi
nikiwaomba radhi kimoyomoyo wagonjwa wote
niliowahi kuwaambia: tembea kidogo.

Akanikuta hapo, anatoka kazini,
mtungi wa gesi begani, mfuko wa viazi mkononi.
"Shika ukuta, nesi.
Upepo wa huku hauna adabu."
Akanipita.

Kwake, miguu ndani ya beseni la chumvi,
alinisimulia bila kulalamika, kama anayesoma risiti:
vyumba kumi na vinne hotelini,
kila godoro pembe nne za kuinua,
mabafu ya kupigiwa magoti,
na jioni mama yake wa kugeuzwa kitandani,
ubavu huu, ubavu ule.
"Marehemu mume wangu alikuwa akiniamsha usiku:
Nolfa, unakunja shuka tena.
Nami nakunja hewa, macho nimefumba."

Nikatoa fomu. Nikataka kufuta.
Akaufunika mkono wangu kwa wake, mkavu, wenye harufu ya klorini.
"Acha. Uliandika kweli.
Huu unaopanda na kushuka kutwa
ni mwili wa kukodi.
Mzigo unafika, naam.
Nani amemjulia hali punda?"

Akanisindikiza hadi kwenye uwanja mdogo wa watoto,
bembea moja nzima, nyingine mnyororo mtupu.
Akavua viatu. Akakaa.
Miaka hamsini na minane, sketi ya sare bado kiunoni,
akajisukuma kwa vidole vya miguu,
mara moja, mara mbili,
halafu kwa nguvu,
mnyororo ukilia kama paka aliyekanyagwa mkia,
nyayo zake zikipita juu ya taa za makontena,
juu ya hoteli,
zikirudi,
zikipita.

"Hii usiandike," akapaza sauti.

Sikuandika.
Nilishuka ngazi zote, magoti yakinitetemeka kama ya ndama,
na fomu yake ingali kabatini:
Hakuna,
na doa la jasho pembeni,
langu.