Nta

Mimi nilikuwa mlangoni na kopo la maziwa ya unga
na tiketi nilizokata kwa wembe.
Wanaume shilingi, wanawake sumni,
askari wa reli wakijifanya wako kazini: bure.
Kwa hiyo ninachosimulia nilikiona kiubavuubavu,
jicho moja kwenye bendi, moja kwenye kopo.

Isevya, sitini na nne, mwezi wa kumi,
joto la Tabora linalokausha mate kabla hujatema.
Saksafoni yake Ntinginya aliinunua kwa Mgoa mmoja
aliyekuwa anahama na kinanda, mbwa, na mke mgonjwa.
Vifuniko vilishaliwa na mende.
Akaviziba kwa mpira wa baiskeli
na nta, nta ya Sikonge, nyeusi,
yenye miguu ya nyuki bado ndani.

Wimbo wa tatu, nta ikayeyuka.

Ilikuwa rumba tu, ya kushikana viuno;
mara sauti ikatoka uchi,
ikapanda mahali ambapo wimbo haukuwa na ngazi.
Ntinginya akaifuata. Angefanyaje?
Feruzi wa besi akamtazama kama anayeona
mtu kadondoka kutoka treni inayokwenda,
kisha, sijui kwa nini, naye akaruka.
Kapela akaacha kuhesabu. Ngoma zake zikawa
mabehewa yanayogongana usiku kule stesheni
wanapoyatenga ya Mwanza na ya Kigoma:
kishindo, kimya, kishindo kingine mbali,
hujui cha mwisho ni kipi.

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Pole, Fundi!
Chombo kibovu hakina lawama.

Jumamosi iliyofuata nta ilikuwa ngumu.
Niliipapasa mwenyewe kwa kidole gumba.
Na wimbo wa tatu ulipofika
Ntinginya akafumba macho, akatoka tena,
makusudi, kwa miguu yake,
akazomea, akakohoa, akaibana noti moja
mpaka ikazaa mbili zinazosukumana
kama mapacha wanaogombea ziwa moja.

Safari hii hawakucheka.
Karani wa tumbaku akanijia: "Nirudishie shilingi yangu.
Nimelipia dansi, sikulipia msiba."
Nikamrudishia. Nikawarudishia kumi na saba,
wakatoka na viatu walivyovipiga rangi bure.
Kopo likawa jepesi, nalo likaanza kulia
kila nilipotia mkono.

Akabaki Nyamizi, mshona magunia,
katikati ya sakafu, hachezi.
Nikampelekea sumni yake. Akaikataa kwa mabega.
"Unasikia anachokitafuta?"
Nikasema sisikii.
"Hata yeye. Ndiyo maana sijaondoka."

Waliendelea hadi karabai ikaomba pampu.
Sikuipa. Gizani walipiga vizuri zaidi,
au labda ni mimi niliyeacha kuhesabu hela.

Jumatatu meneja akamfukuza, na mimi nikakatwa
shilingi kumi na nne na nusu.
Wako wanaosema aliiuza saksafoni Mpanda
kwa debe mbili za mchele. Wako wanaosema kazikwa nayo.
Sijui. Ninacho kipande cha nta
nilichokibandua sakafuni asubuhi ile ya kwanza, nikifagia,
kina alama ya kifuniko, duara kamili,
na mguu mmoja wa nyuki.
Nikikishika sana kinalainika.

Wajukuu huuliza ni dawa ya nini.
Ya viatu, nawaambia.