Mkono wa Pili

Vardø, Novemba. Jua limeaga Jumatatu
na mimi, kwa akili zangu timamu,
nimengoja wiki hii ndipo nichague rangi ya sebule.

Dukani kwa Åshild kadi zimepangwa kama karata,
kila moja na jina lake la kujigamba:
Ukungu wa Machi. Pumzi ya Kondoo. Utulivu Namba Nne.
"Huu Utulivu," nikamuuliza, "ni kijivu au kijani?"
"Inategemea," akajibu, "umeamkaje."

Nikarudi na vikopo saba vya kuonja.
Nikapaka viraka saba ukutani, kila kimoja upana wa trei,
juu ya manjano ya mama mkwe,
manjano yaliyovuta moshi wa sigara miaka arobaini
hadi yakapoteza jina, yakabaki na harufu tu.

Chini ya taa vyote saba vilisema uongo.
Nikabadilisha balbu. Vikasema uongo mwingine.
Saa sita mchana nikafungua pazia
na dirisha likanipa buluu ile ile moja
inayoingia nyumba za watu bila kuvua viatu.

Torvald yuko kwenye kochi na kahawa yake.
"Cha tatu kizuri," anasema.
"Cha tatu ni kijani."
"Basi cha tano. Kinafanana nacho."
"Cha tano ni damu ya mzee, Torvald!
Jana ulisema chochote, ila si wekundu."
Akanyamaza. Akakoroga kahawa isiyo na sukari.

Kuna kunyamaza kwa mtu anayefikiri
na kuna kunyamaza kwa mtu aliyekamatwa.

Miaka thelathini na minne.
Soksi zisizolingana, nikazidhania uvivu.
Ndoo nzima ya matunda ya porini, mabichi,
nikamwambia hana subira.
"Hivyo viwili," akasema, akielekeza kijiko,
"kwangu ni mapacha. Tangu utotoni.
Mwalimu alicheka siku moja, nikajifunza kukisia."

Ukuta nilimsamehe pale pale.
Kilichonikaba ni koti.
"Lile koti langu, kwenye dansi ya Kiberg,
ulilolisifu mpaka nikalivaa baridi kumi na mbili,
likatoka vipara viwikoni,
koti jekundu, Torvald. Wewe uliliona la rangi gani?"

Hakukimbilia kujibu. Ni mwoka mikate huyu,
amezoea kungoja mbele ya mlango uliofungwa.

"Ganda," akasema. "Ganda la mkate
dakika mbili kabla sijautoa tanurini.
Kabla ya hapo ni ubichi, baada ya hapo ni hasara.
Rangi hiyo sijaikosea hata siku moja."

Kesho yake nilikwenda kwa Åshild
na nusu mkate ndani ya mfuko wa plastiki.
Hakuuliza kitu. Akakata ganda, akaliweka
chini ya jicho la mashine yake; ikakoroma, ikatema namba.
Mkate uliobaki tuliula na siagi, tumesimama.
Rangi haikuwa na jina. Alitaka tuipe. Nikakataa.

Mkono wa kwanza tuliupaka juzi, Januari hii,
yeye juu ya ngazi, mimi chini kwenye kona,
viraka vikizama kimoja kimoja.
Cha tano kimegoma. Bado kinachungulia.

Leo mzinga wa ngome umelia,
watoto wametoka shule mbio bila kofia,
na jua limekuja, jembamba, kama la kuazima,
likaegemea ukuta wetu dakika nne hivi,
likakumbuka shughuli nyingine.

Nilikuwa nimeshika brashi. Yeye jikoni,
ametega sikio kama anavyolitegea tanuri.
"Imeiva?" akauliza.
Nikatazama. Nikatazama tena, mpaka mwanga ulipokwisha.

"Bado mkono mmoja."