Upande wa Pili

Ukitaka moja, leta moja.
Hiyo ndiyo sheria ya Sagaf, pale Kibokoni,
duka la upana wa mlango na nusu,
deki mbili zimepandana,
feni imeelekezwa kwazo, si kwako.
Pesa alipokea, ila kwa kununa.
Alichotaka ni asichokuwa nacho:
usiku wa pili wa harusi fulani,
udi uliokatika uzi katikati ya ubeti
na mpigaji akaendelea na zilizosalia.

Nilimpelekea kanda ya shangazi Twaiba,
iliyolala sandukuni na asumini kavu.
Akaitegea sikio moja,
akafungua daftari, akaandika:
*212. Arusi, Kuze. Mvua yasikika.*
Kana kwamba mvua nayo ililipwa ije ipige.
Akanirudishia nakala. Asili akabaki nayo, mjanja yule,
nami nilijua, nikanyamaza.

Tulijuana kwa vyumba tulivyorikodia.
Huyu ana jogoo.
Yule wa Majengo hakosi pikipiki.
Faraji, kuli wa Kilindini,
alikuwa na kanda arubaini za mwanzele
na hakuna aliyemuuliza kazipata wapi.
Nakala ya nakala ya nakala,
kila mkono ukiongeza mvumo wake,
hata mwimbaji akawa kama yu nyuma ya pazia,
nasi tukazidi kumpenda.

Kisha ikaja kompyuta.
Akazimimina zote ndani ya kisanduku cheusi
kisichozidi kipande cha sabuni.
"Elfu mbili na mia tatu," akasema, akakipapasa.
Kanda zenyewe zilikwenda Kibarani, na taka.

Alipokufa, wanawe wakaniletea kisanduku.
Nikakichomeka. Kikasema kt, kt, kt,
kama mjusi ukutani anayesadikisha uongo wa mtu.
Fundi wa barabara ya Digo akakitikisa sikioni,
akanirudishia kwa mikono miwili,
mkono wa tanzia.

Duka sasa lauza vifuniko vya simu.
Daftari sijui liliko; huenda lilifungia bajia.
"Nyimbo zote zimo humu," mjukuu aniambia, "wewe taja tu."
Nataja. Nataja na jina la bibi arusi.
Simu yaniuliza kama nilikusudia neno jingine.

Basi huchukua kalamu, nikaizungusha 212,
nikaazima redio ya jirani ambayo hutafuna kanda
na nikaomba leo isiwe na njaa.
Mwisho wa upande wa pili nyimbo zaisha,
mvua ya Kuze yakatika ghafla,
na ndani ya ule mvumo, feni.
Alisahau maikrofoni wazi.
"Funga mlango, mwanangu, nimo kazini."
Sauti ya mtoto, simjui ni nani, yauliza:
"Upi?"

Duka lile lilikuwa na mlango mmoja.