Mtu wa Pembetatu

Somo liliitwa MZ 101, Utangulizi wa Kusikiliza,
jina lililotuchekesha Jumatatu ya kwanza:
kusikiliza nako kuna utangulizi?
Mwalimu Hokororo hakucheka.
Aliweka spika mezani, ndogo kama kopo la maziwa,
akafunga madirisha ya upande wa ghala
ambako wapakiaji walihesabu magunia ya korosho kwa kuimba,
akasema, "Leo tunaanza na kimya."

Tukaanza na kimya. Feni ikakikataa.

Kisha fidla arobaini (yeye ndiye alisema arobaini)
zikatoka kwenye lile kopo zimebanana,
kila moja ikiomba njia.
Kabla ya wimbo wenyewe, alisema, hulinganisha sauti:
zumari moja hushika noti, wote huifuata.
Hapo tu ndipo nilipoelewa bila kuelezwa.
Kwetu Nanyamba ngoma haipigwi baridi.
Mjomba Lipende huwasha nyasi kavu,
huzigeuza ngozi juu ya moto, hugonga kwa kidole kimoja,
hurudisha mojawapo: "Hii bado imelala."

Wiki ya tatu, adabu za ukumbini.
Msipige makofi kati ya sehemu na sehemu.
Nachingulu akanyoosha mkono: "Na wakifurahi?"
"Wanafurahi kwa ndani."
"Dakika ngapi?"
"Arobaini na tano."
Darasa likaguna.
Kwetu mpigaji asiyeshangiliwa
huweka ngoma chini akaulizia nauli.

Wiki ya sita, kipindi cha jioni,
umeme ukakatika katikati ya sehemu ya taratibu.
Gesi inachimbwa pale Msimbati,
nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu,
na bado giza lina ratiba yake.
Tulikaa. Hakuna aliyepiga makofi.
Hokororo akasema, nadhani akiwa ameshika meza:
"Mimi mwenyewe sijawahi kuiona. Kwa macho.
Nilikuwa na kanda mbili, aliniachia mtawa wa Ndanda
siku anarudi kwao.
Moja iliharibiwa na jua."
Hatukujua la kumjibu. Asumini alikohoa.

Mtihani: vipande kumi, nusu dakika kila kimoja.
Taja zama. Taja ala. Eleza muundo.
Cha kwanza nilibahatisha, cha pili nikabahatisha,
cha sita nikamwandikia Nachingulu jibu lake likawa langu.
Cha saba kilinivizia.
Vishindo, vishindo, halafu kwa mbali, mara moja,
*ting*,
kama kijiko kilichomponyoka mtu jikoni.

Nikaandika:
Huyu amevaa suti nyeusi kama wenzake,
amepanda basi kama wenzake,
anahesabu mistari mia mbili na kumi bila kupepesa,
maana akipitwa na mmoja hana pa kufidia.
Anagonga. Anakaa.
Mjomba wangu ni mtu wa namna hiyo.
Ngoma ikianza yeye hapigi, haimbi, hachezi,
amechuchumaa nyuma ya watu na nyasi zake
akingoja ngozi ilegee,
nguo zote moshi.
Wali ukipakuliwa, sahani ya kwanza ni yake.
Naomba kuuliza: huyu wa pembetatu
hulipwa sawa na wa fidla?

Nilipata tisa kwa ishirini.
Wino mwekundu: *Hukujibu swali.*
Chini yake, kwa penseli,
herufi za mtu aliyeandika usiku amechoka:
*Nimekirudia mara tatu. Miaka yote hii sikuwahi kumsikia.*

Kuhusu malipo hakusema kitu.

Mtihani wa marudio ni Julai, msimu wa kupulizia.
Nitakuja na salfa kwenye nywele, macho yakiwasha.
Kwa sasa nimo shambani, bomba la dawa mgongoni,
nahesabu mikorosho ya mjomba,
mmoja, miwili,
nikikosea naanza upya.