Sifuri

Msinidai mizani katika shairi hili.
Niliyokuwa nayo ilikuwa mbovu,
na ubovu wake niliutengeneza mwenyewe
kwa bisibisi, usiku, redio nimeizima.

Mimi ni mnunuzi wa asali, Sikonge, nyuma ya stendi.
Mizani yangu ina uso kama saa,
inaning'inia kwenye boriti ya mninga.
Mshale wake niliurudisha nyuma ya sifuri
nusu kilo.
Nusu tu.
Sifuri nikaifunika kwa plasta ya kidonda;
aliyeuliza nilimwambia kioo kina ufa.

Nusu kilo ni nini?
Ni vumbi la Tutuo mpaka hapa juu ya baiskeli,
ndoo mbili nyuma, dumu la maji mbele,
macho mekundu kwa moshi wa juzi.
Nyuki wangapi, sijui. Sikuwahi kuwaza nyuki.

Na kila Jumapili nilitoa.
Bahasha yangu ni namba mia na kumi na mbili.
Fungu la kumi nililipigia hesabu mpaka shilingi hamsini,
sikumpunja Mungu hata wiki moja.
Hata ile nusu kilo niliitolea zaka.
Mtunza hazina akisoma, Nsabila Kapela,
mimi huinamia viatu vyangu,
navyo vinang'aa.

Jumamosi, kesho yake mavuno,
akaja Mama Nyamizi wa kamati, kanga mbichi ya kunawa:
"Mwaka huu tupime kabla ya kunadi,
karanga, mahindi, asali, tujue tumetoa nini.
Tuazime mizani yako.
Wewe ndiye mwaminifu."

Neno lile likaning'inia kwenye ndoano.
Mshale haukufika hata sifuri.

Usiku nikasema, na iende hivyohivyo.
Mwenye misitu yote ya Ugunda
atapungukiwa na nini?
Lakini mkono ukakataa kuifunga kwenye gunia,
nami nikacheka peke yangu, kicheko kibaya:
kumwibia Yeye nusu kilo naogopa,
na mtu wa Tutuo nimemwibia misimu minne
nikalala, nikakoroma.

Nikabandua plasta.
Chini yake sifuri ilikuwa nyeupe kuliko uso wote,
kama ngozi ya mkono chini ya saa.
Bisibisi ileile. Mzunguko mmoja na robo.
Kosa la miaka lilikuwa mzunguko mmoja na robo.

Kanisani walipima mpaka jogoo.
Alipiga mbawa, mshale ukachanganyikiwa,
watoto wakacheka, mchungaji naye.
Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu.

Jumatatu, kabla jua halijashika bati,
Mgole wa Tutuo akatundika ndoo yake.
Akausoma mshale. Akausoma tena.
"Mbona leo imezidi?
Ndoo ni ileile. Nyuki ni walewale."

Nilikuwa na uongo mzuri, tayari, mdomoni:
springi mpya, fundi wa Tabora.
Nikaumeza. Ulikuwa mtamu, ndiyo shida yake.
Nikaleta madaftari manne
nikamweleza, nimesimama, kofia mkononi.

Ndoo elfu moja mia mbili na sita.
Nusu kilo kila moja.
Kilo mia sita na tatu si mali yangu, wala si sadaka,
ingawa sehemu yake imeezeka kibaraza cha kanisa.
Nimeanza na zake.
Bahasha mia na kumi na mbili itakuwa nyembamba kitambo,
nimemwomba mtunza hazina asilisome jina.
Fungu la kwanza linakwenda Tutuo kwa baiskeli.

Mgole hakunishukuru.
Alihesabu noti mara mbili, akazifunga kwenye pindo.
Wiki iliyofuata hakuja; niliambiwa amemuuzia mwingine.
Ya pili, akaja.
Hakuamkia.
Akavuta kigoda, akapanda juu yake
uso kwa uso na mizani tupu,
akaitazama sifuri muda mrefu.

Kisha akatundika ndoo.